Beseni la Sawara Linywe Maji Kwanza

Mwaka wangu wa kwanza Nagoya, Japani, nilikuwa nachanganyia wali wa sushi na siki kwenye bakuli la stili. Juu unapendeza, chini umekuwa bwabwa. Siki iliyokosa pa kwenda ilituama kwenye kitako cha bakuli, na punje za chini zikalowa mpaka zikavurugika. Nilibadilisha mchele, nikapunguza maji, nikapunguza siki, hali ikawa ile ile.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu wali unasifiwa ukichambuka, kila punje kivyake, na mpishi anajulikana kwa namna anavyopalia makaa juu ya mfuniko. Wali wa sushi unataka mambo mawili ambayo kwetu hayakai chungu kimoja: ushikane, na bado kila punje ionekane nzima. Ndiyo maana Wajapani wakautengenezea chombo chake. Wanakiita hangiri, wengine handai: beseni pana la mbao, mara nyingi za mti wa sawara, kina kifupi, limezungushiwa pete mbili za shaba nyekundu.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa makamo. Tarehe 3 Machi, siku ya Hinamatsuri, sikukuu ya watoto wa kike, nyumba nyingi huko hupika chirashizushi, yaani wali wa siki uliotandazwa na kupambwa kwa mayai yaliyokatwa kama tambi, kamba na mboga. Aliniita nimsaidie. Kabla hata mchele haujaingia jikoni, alijaza beseni maji hadi karibu na ukingo akaliacha. Nilidhani anaosha. Wali ulipokaribia kuiva akayamwaga, akalifuta kwa kitambaa kilichokamuliwa, mbao zikabaki na unyevunyevu bila tone la maji kusimama.

Hapo ndipo wengi tunapokosea, kwa hiyo nitasema kwa kirefu kidogo. Beseni hili halipakwi vanishi wala mafuta. Mbao zake ziko wazi, na mbao wazi iliyokauka ina kiu. Ukiimwagia wali wa moto na siki ikiwa kavu, itakunywa siki yako, na punje zitagandamana nayo kiasi cha kuhitaji kukwanguliwa. Ukiinywesha maji kwanza, inatulia: inachukua mvuke uliozidi tu na kuuachia wali ladha yake. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Ukiharakisha hatua hii, zilizobaki zote zitakusumbua.

Kwa beseni la sentimita 30 mimi hupika go 3 za mchele. Go moja ni kipimo cha Kijapani cha mililita 180, mchele wa karibu gramu 150. Tumia mchele wa punje fupi. Basmati hata ukiubembeleza vipi hautashikana. Ninauosha mpaka maji yanakaribia kuwa maangavu, nauroweka nusu saa, kisha naupika kwa maji pungufu kidogo ya yale ya wali wa kawaida, kwa sababu siki nayo itaingia baadaye. Kipande cha kombu, ule mwani mkavu, kikipatikana nakitia sufuriani. Pembeni nachanganya siki ya mchele mililita 80, sukari vijiko vikubwa 3 na chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu. Naipasha moto mdogo sukari iyeyuke, na siiachi ichemke.

Wali ukiiva, uache dakika 10 na mfuniko wake, kisha uupindue wote katikati ya beseni kama kichuguu. Siki imwagwe ungali unafuka moshi. Wali wa moto hunywa siki. Uliopoa huiacha itelezee nje ya punje. Unaimwaga juu ya mwiko bapa, wenyewe wanauita shamoji, huku ukiuzungusha ili ianguke kila mahali. Halafu unakata. Neno ni hilo hilo, kukata: mwiko unasimama kwa ubavu, unapita ndani ya wali kama kisu, kisha unaingia chini na kugeuza. Usisonge. Mkono uliozoea ugali utakuvuta usonge, na ukisonga punje zitapondeka na utomvu wake utageuka gundi.

Upana wa beseni unafanya kazi yake hapa. Wali umetandazwa, mvuke una njia ya kutokea juu, na ule wa chini unapokelewa na mbao badala ya kugeuka matone. Kupepea kunakuja siki ikishaingia, siyo kabla. Yule jirani alikuwa na uchiwa, kipepeo cha karatasi chenye mbavu za mwanzi. Mimi napepea kwa kile kile kipepeo cha ukindu cha jiko la mkaa. Baada ya dakika chache unaona wali unaanza kung'aa. Ukifika joto la ngozi, kusanya upande mmoja, funika kwa kitambaa chenye unyevu, na uutumie siku hiyo hiyo. Wali huu ukiingia kwenye friji unakuwa mgumu kama punje mbichi.

Sasa matunzo, maana mimi nililipia somo hili. Beseni langu la kwanza nililiosha kwa sabuni ya maji, nikalianika juani kama tunavyoanika kinu na mbuzi ya nazi. Jioni pete ya chini ilikuwa imeanguka sakafuni, na kati ya mbao mbili ungeweza kupitisha ukucha. Na wali uliofuata ulinukia sabuni ya ndimu. Mbao zile zimesimamishwa bega kwa bega na kubanwa na pete. Jua kali linazikausha ghafla, zinasinyaa, na pete inakosa cha kushika. Nililipindua, kitako juu, nikairudisha pete kwenye alama yake kwa kugonga taratibu kuzunguka na kipande cha mti, kisha nikalifunika kwa taulo bichi usiku kucha. Mbao zilivimba zikabana. Limekaa hivyo hadi leo.

Kwa hiyo: maji ya uvuguvugu, brashi ya nyuzi (Wajapani wana tawashi, sisi tuna makumbi ya nazi, yanafanya vizuri vilevile), sugua kufuata mkondo wa mbao. Futa, liegemeze kivulini penye upepo, na usiliweke kabatini siku ile hata kama mkono unakuambia limekauka. Kitako huchelewa. Likikauka kweli, lifunge kwa karatasi. Ukilifunga kwa mfuko wa plastiki litatoka na madoa meusi ya ukungu, na hayo hayatoki kirahisi.

Ukinunua, tafuta la sawara. Ni mti wa jamii ya misaipresi, mwepesi, unavumilia maji na harufu yake ni ya upole kuliko hinoki, msaipresi mwingine wa Kijapani, kwa hiyo haugombani na wali. Bonde la Kiso, mkoani Nagano, linajulikana kwa miti hiyo. Zamani watawala wa Owari, ambao ngome yao ilikuwa hapo Nagoya, walipiga marufuku kuikata bila idhini. Likiwa jipya, lijaze maji ya moto yenye siki kidogo, liache mpaka yapoe, harufu kali ya mbao itapungua.

Wenzangu wa nyumbani huniuliza kama chano kinafaa. Kama hakijapakwa vanishi na hakijawahi kubeba samaki wala viungo, kinafaa kwa wali mdogo. Kinyweshe maji vilevile. Nimeona wali mzuri ukitoka humo.

Hapa Tanga shida siyo jua peke yake, ni unyevu wa bahari. Wakati wa masika silifungi kabisa. Linakaa juu ya rafu, limelala ubavu, na kila wiki nabonyeza pete kwa kidole gumba nione kama inacheza.