Mechi ya besiboli ikiwa moja bila, hesabu mirusho

Shabiki aliyekulia kwenye soka hahitaji kufundishwa utamu wa moja bila. Ajabu ni kwamba akihamia besiboli anaupoteza utamu huo. Anazoea mechi za msimu wa kawaida wa MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ambako timu mbili kwa pamoja hufikisha pointi nane au tisa, halafu Oktoba inafika, mtoano unaanza, na ubao unabaki sufuri kwa sufuri hadi inningi ya saba kati ya tisa (kila inningi, kila timu hupiga mpaka wachezaji wake watatu watolewe). Timu yake ikishinda kwa pointi moja, anashangilia dakika tano, kisha zinaanza lawama: wapigaji wetu wamelala, kwa mwendo huu hatufiki.

Lawama hizo mara nyingi hazina haki. Msimu wa kawaida timu inazungusha warushaji watano wa kuanza, yaani wanaofungua mechi kwa zamu, na wa nne na wa tano ndio wanaopigwa sana. Kwenye mtoano kuna siku za mapumziko katikati, kwa hiyo kocha anawaweka pembeni hao dhaifu na kuwatumia wale wawili watatu walio bora, tena kila mmoja kwa muda mfupi na kwa nguvu zote. Ongeza baridi ya Oktoba: hewa baridi ni nzito, na mpira ambao Julai ungevuka ukuta unaishia mkononi mwa mlinzi wa nje. Ongeza pia kivuli. Mechi ikianza alasiri, kivuli cha jukwaa hutambaa uwanjani, na kuna saa nzima ambayo mrushaji yuko kwenye jua na mpigaji yuko kivulini. Kati yao ni mita 18.44. Mpira wa kilomita 153 kwa saa unafika kwa kama sekunde 0.4, na njiani unabadilika rangi machoni mwa mpigaji. Kabla hujamtukana mtu, tazama jua liko wapi.

Sasa kazi yenyewe. Chukua daftari na kalamu. Simu ina takwimu zote, lakini mkono unaoandika ndio unaoyalazimisha macho kuona. Walinzi wana namba zao za kudumu: mrushaji 1, mdakaji 2, besi (kituo cha mkimbiaji) ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu 6, halafu nje kushoto 7, katikati 8, kulia 9. Anayetolewa kwa straiki tatu, yaani mirusho mitatu halali aliyoshindwa kuipiga, unamwandikia K. Mpira ukichotwa na 6 akamrushia 3, andika 6-3. Pembeni weka safu mbili: ya kwanza ni jumla ya mirusho ya mrushaji, ya pili ni idadi ya wapigaji aliokutana nao.

Safu ya pili ndiyo inayopuuzwa na wengi, nayo ndiyo yenye habari. Wapigaji ni tisa. Wakizunguka mara mbili ni 18. Mpigaji wa 19 anamwona mrushaji huyo kwa mara ya tatu, ameshazoea mwendo wa mkono wake, na kwa kawaida hapo ndipo mirusho inapoanza kupigwa vizuri. Basi usishangae kocha akimtoa mtu ambaye hajaruhusu pointi hata moja na ana mirusho 75 tu. Hajamkosea heshima, amehesabu hadi 18. Zamani hesabu hii haikufuatwa hivyo: mwaka 1991, mechi ya saba ya fainali, Jack Morris wa Minnesota Twins alirusha inningi zote 10, mirusho 126, na Atlanta Braves hawakupata kitu.

Mechi hiyo ndiyo darasa letu bora, hasa inningi ya nane. Ni sufuri kwa sufuri. Lonnie Smith wa Atlanta yuko besi ya kwanza, hakuna aliyetolewa. Smith anaanza kukimbia mrushaji anaporusha, na Terry Pendleton anaupiga mpira mbali, nje kati ya kushoto na katikati. Macho ya uwanja mzima yanaufuata mpira. Chini kwenye besi ya pili, Chuck Knoblauch na Greg Gagne wanaigiza: mmoja anajifanya amechota mpira wa chini, mwingine anajifanya anausubiri. Smith hakuutazama mpira ulikokwenda. Anafika besi ya pili, anasita, anatafuta mpira uko wapi. Anapogundua, muda umekwisha na anaishia besi ya tatu, wakati angeweza kufika nyumbani, besi ya mwisho inayoleta pointi. Anayefuata, Ron Gant, anapiga mpira dhaifu kwa Kent Hrbek wa besi ya kwanza na kutolewa. David Justice anapewa besi ya bure kwa makusudi ili besi zijae. Kisha Sid Bream anampigia Hrbek, Hrbek anamrushia mdakaji Brian Harper aliye nyumbani na Smith anatoka, Harper anamrudishia Hrbek na Bream anatoka. Kwenye daftari ni alama tatu tu: 3-2-3. Wawili wametoka kwa pigo moja, inningi imekwisha, bado sufuri.

Basi mechi ikiwa imebana na kuna mtu besi ya kwanza, usiufuate mpira peke yake. Mpira ukipigwa, utazame kwa kufumba na kufumbua, kisha rudisha macho kwa mkimbiaji na kwa kocha aliyesimama karibu na besi ya tatu. Pointi moja ya Oktoba mara nyingine huamuliwa na miguu kuliko gongo. Minnesota walishinda inningi ya 10: Dan Gladden alifika besi ya pili, Knoblauch akamsogeza hadi ya tatu kwa kugusa mpira taratibu na kukubali kutolewa yeye, wapinzani wakajaza besi kwa makusudi, na Gene Larkin akaupitisha juu ya vichwa vya walinzi wa nje waliosogezwa karibu. Moja bila.

Inningi za nyongeza zina utaratibu wake, na hapa wageni wanachanganyikiwa. Msimu wa kawaida, kuanzia inningi ya 10, kila timu inawekewa mkimbiaji besi ya pili ili mechi iishe haraka. Kwenye mtoano hakuna. Besi zinaanza tupu, na mechi inaweza kwenda mpaka alfajiri. Kinachoamua hapo ni akiba. Timu ina wachezaji 26, na warushaji hawazidi 13. Andika majina yao yote kabla ya mechi, na kila anayetolewa mpige mstari, kwa sababu akishatoka harudi. Ukiona mrushaji wa kuanza, mtu wa mechi ya kesho au keshokutwa, anapasha misuli, jua akiba imekauka na mechi iko ukingoni.

Tarehe 8 Oktoba 2022 Cleveland Guardians na Tampa Bay Rays walikwenda inningi 14 bila pointi. Ya 15, Tampa Bay walikuwa na Corey Kluber, mrushaji wa kuanza, tena mtu aliyeshinda tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka, mara mbili akiwa na Cleveland hiyohiyo. Oscar González wa Cleveland akampiga homurani, pigo linalovuka ukuta, moja bila, Tampa Bay nje ya mashindano. Wiki moja baadaye, mjini Seattle, Houston Astros walishinda moja bila katika inningi ya 18, baada ya mchezo wa muda wa saa 6 na dakika 22, kwa homurani ya Jeremy Peña. Watu wanamkumbuka Peña. Sisi tungependa wamkumbuke pia Luis Garcia, mrushaji wa kuanza aliyeingia mwishoni na kushika inningi tano bila kuruhusu kitu. Bila yeye hakuna inningi ya 18.

Walioko uwanjani: kelele nazo zina wakati wake. Mrushaji anapokea ishara ya namna ya kurusha kupitia kifaa kidogo ndani ya kofia, na saa inampa sekunde 15 besi zikiwa tupu, 18 kukiwa na mkimbiaji. Akiwa wa kwenu, mwacheni asikie ishara kwanza. Akishatulia kuanza kurusha, na mpigaji ana straiki mbili, simameni mpige kelele zote. Akiwa wa wageni, anzeni mapema na msinyamaze. Mpira ukiruka juu na walinzi wenu wawili wanaukimbilia, kaeni kimya kabisa, maana wanaitana. Na ukikaa karibu na ukuta, mikono ibaki upande wako. Ukiivusha kuingia uwanjani na kuugusa mpira, mwamuzi ataamua mwenyewe mchezo ungeishaje. Katika mechi ya moja bila, mkono wako unaweza kuwa ndio pointi.

Kwa tunaofuatilia kutoka Afrika Mashariki, tatizo ni saa. Mchana wa Cleveland ni usiku wa mapema kwetu, lakini mechi ya saa mbili usiku pwani ya mashariki ya Marekani ni saa tisa usiku Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Kigali, Bujumbura na Goma toa saa moja. Muscat ongeza moja. Lala saa mbili usiku, amka saa nane na nusu. Kukesha moja kwa moja kunakuangusha inningi ya saba, pale pale utamu unapoanza. Bando likiwa dogo, ukurasa wa Gameday wa ligi yenyewe unaonyesha kila mrusho kwa maandishi bila malipo. Lakini usiufungue pamoja na video. Video ya intaneti huchelewa, maandishi yanatangulia, na utajua homurani kabla mrushaji hajainua mguu. Kundi la WhatsApp nalo lizime sauti, au mkubaliane wote kutazama chanzo kimoja.

Mkishinda, shangilieni kwa moyo wote. Ushindi wa aina hii unachosha mwili na unastahili furaha yake. Ila kabla ya kulala, rudi kwenye daftari. Mrushaji wa akiba aliyetumia mirusho 12 anaweza kurudi kesho. Aliyefika 30, usimtegemee. Aliyerusha siku mbili mfululizo, hata kwa mirusho michache, mwekee alama ya kuuliza. Andika namba hizo mbele ya majina, ukurasa mpya, juu kabisa, na mechi inayofuata ianzie hapo.