Gari la Kupanda Mawe Lenye Viti vya Watoto: Anzia Ndani, Matairi Yasubiri

Ingia gereji yoyote ya Dar, sema unataka kutengeneza gari la mashindano ya kupanda mawe. Utaulizwa matairi ya inchi ngapi, kisha utaulizwa utalinyanyua kiasi gani. Nani atakaa nyuma, hakuna atakayeuliza. Kwangu nyuma wanakaa watoto watatu, na mama mkwe akija anabana nao humo humo. Kwa hiyo Land Rover yetu tuliijenga kuanzia kwenye viti, tukatoka nje polepole, matairi tukayafikia mwishoni kabisa. Mafundi walinicheka, ila hadi leo nashauri hivyo hivyo.

Kwa ambao hawaujui mchezo: huku si kwenye rali. Njia inapita juu ya majabali, imewekewa koni, dereva yuko ndani na mwelekezi wake anatembea nje kwa miguu. Ukigusa koni unaongezewa pointi, ukirudi nyuma unaongezewa, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Marekani, ambako mchezo huu umeshika sana sehemu kama Moab kule Utah na Johnson Valley kule California, mabingwa wa siku hizi wanaendesha vibagi vya mabomba matupu vinavyokata kona hata kwa magurudumu ya nyuma. Humo hakuna pa kuweka mtoto wala hotipoti ya wali. Mwenye familia ashindane kwenye daraja la magari ya kawaida yaliyoboreshwa, asijisumbue na vibagi.

Karibu na kwetu iko Rhino Charge ya Kenya, iliyoanza 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare. Ule si mchezo wa mawe peke yake: kuna vituo 13 na saa 10, na anayeshinda ni aliyevifikia kwa umbali mfupi zaidi, si aliyewahi. Michango ya kuingia ni mikubwa, wengi wetu tutabaki kuwa watazamaji. Hata hivyo nenda. Uinamie magari ya wenzako chini, utazame walivyochomelea. Siku moja ya kuchungulia vile itakusaidia kuliko video za mwaka mzima.

Na tukubaliane mapema: siku ya mashindano watoto hawapandi. Wanakaa nyuma ya kamba na watazamaji wengine. Gari la familia ni lile linalowafikisha huko kwa magurudumu yake lenyewe, bila kubebwa kwenye trela, Chalinze, Segera, Same, Moshi, likapanda mawe, kisha likawarudisha nyumbani bila mtu kuumwa mgongo. Jumapili za kawaida linawapandisha kwenye mawe mepesi, na hapo ndipo usalama wa viti vya nyuma unapokuwa kazi yako, maana hakuna mkaguzi atakayekuja kukukagulia.

Gari gani? Wengi watakuambia Suzuki Samurai, na hawakosei. Ni nyepesi, ina ekseli nzima mbele na nyuma, na fundi yeyote aliyezoea Kirikuu, kile kipikapu kidogo cha Suzuki, hataiogopa. Ila ile fupi ina sentimita 203 tu kutoka ekseli hadi ekseli, na nyuma hakuna mahali pa maana pa kufunga kiti cha mtoto. Nyingine zimewekewa mabenchi yanayotazamana ubavuni. Kiti cha mtoto hakifungwi kwenye benchi la ubavuni, hilo halina mjadala. Kama mko wawili, au mna mtoto mmoja mkubwa, chukua Samurai. Sisi tuko watano, tukachukua Land Rover 110 ya injini ya 300Tdi. Ni ndefu, sentimita 279 kati ya ekseli, kwa hiyo tumbo linagusa mawe mapema kuliko kwenye 90, ile fupi yake. Faida yake inaonekana kwenye mlima mkali, haina haraka ya kuinua pua na kupindukia nyuma. Ubaya wa Dar ni kwamba Land Rover hii ndiyo Difenda ya polisi, na mtaa mzima ukisikia inaingia, vijana wa kijiweni wanatawanyika kwanza, halafu ndipo wanakusalimia.

Sasa gia, maana hapa ndipo hela inapofanya kazi. Zidisha gia namba moja kwa gia ya chini ya transfa, ile giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma, kisha kwa uwiano wa difu, yaani gia za katikati ya ekseli. Samurai ya kiwandani ni 3.65 mara 2.27 mara 3.73, unapata kama 31. Land Rover yenye giaboksi ya R380 ni 3.69 mara 3.32 mara 3.54, unapata kama 43. Maana yake injini inazunguka mara 43 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kwa tairi la inchi 33 na injini ikinguruma tu bila kukanyagwa mafuta, kama mizunguko 750 kwa dakika, gari linatambaa chini ya kilomita 3 kwa saa. Mtu anayetembea kwa miguu analiacha. Kwenye mawe huo ndio mwendo unaoutaka: mguu hauko kwenye mafuta, gari halirukiruki, na kichwa cha mtoto hakigongi kioo. Mwenye Samurai anaweza kununua gia za transfa za 4.16 akafika 56 hivi. Afanye hivyo kabla hajafikiria tairi kubwa, kwa sababu tairi kubwa linakula huo huo uwiano alioulipia.

Keji, yale mabomba ya kuwakinga waliomo gari likipinduka, ndiyo iliyonikalisha Gerezani, mtaa wa mafundi chuma hapa Dar, muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Mafundi wa pale mikono wanayo, sibishani nao. Shida ni bomba. Nilipokelewa vizuri, shikamoo mama, karibu mama, kiti kikafutwa vumbi, kisha nikaonyeshwa bomba la maji la inchi moja na nusu lenye zinki linang'aa.

"Hili ni zito, mama. Hata lori likilala juu yake halibonyei."

"Marahaba, mwanangu. Nipimie ukuta wake."

Akachukua venia, akapima. Ukuta haukuwa mbaya. Tatizo ni kwamba bomba la maji linatengenezwa lipitishe maji, halitengenezwi libebe gari lililopinduka, na zinki ikichomelewa inatoa moshi wenye sumu unaomlaza fundi na homa usiku. Kanuni nyingi za mashindano zinataka bomba la chuma la kazi ya mashine, lisilo na mshono au lililovutwa upya baada ya kuunganishwa, kipenyo cha nje kama milimita 44 na ukuta wa milimita 3. Omba kipande cha mwisho wa bomba, kikate, tazama ndani kwenye mwanga wa jua: mshono mnene unaokwaruza kidole unakuambia ni bomba la kawaida. Pia jua kwamba bomba la maji linaloitwa la inchi moja na nusu kwa nje lina milimita 48, kwa hiyo usidanganywe na jina lake dukani.

Kona nazo. Kuna utaratibu wa zamani wa kujaza mchanga, kupasha moto na kukunja. Kwa geti la nyumba ni sawa. Kwa keji tafuta mwenye mashine ya kukunjia yenye kalibu ya saizi ya bomba lako, na kona yoyote iliyokunjamana kwa ndani ikatwe, hata kama fundi amenuna. Miguu ya keji isisimame kwenye bati la sakafu. Land Rover ina bodi ya alumini na haitashika chochote. Ishuke hadi kwenye chesesi, na pale inapokaa pawe na bamba la chuma.

Halafu ndani ya keji kuna vichwa. Bomba linalopita nyuma ya viti vya mbele liko usawa wa uso wa mtoto aliyekaa nyuma, jambo ambalo wanaume wawili walionijengea hawakuliona hadi nilipomwita binti yangu akakaa, nikamwambia ainame mbele. Tulilishusha. Na msiniambie habari za ile sponji nyeusi ya mabomba ya AC ambayo kila gari la mapambo limeviringishiwa. Ukiibonyeza kwa kidole unagusa chuma. Sponji ya keji ni ngumu, inabonyea kidogo tu na kwa shida. Inaagizwa nje na bei yake inauma, ila unaihitaji pale tu vichwa vinapofika, si keji nzima.

Mikanda ya mbele iwe ya mashindano, na ya mabegani ifungwe kwenye bomba lililo usawa wa mabega au chini yake kidogo tu. Ikishuka hadi sakafuni, gari likigonga inakandamiza uti wa mgongo. Ya nyuma acha mikanda ya kawaida ya pointi tatu, kwa sababu viti vya watoto vimetengenezewa hiyo. Ina tabia moja ambayo lazima uijue: gari likiinama, roli ya mkanda inajifunga. Mtoto akijisogeza inakaza, akijisogeza tena inakaza zaidi, na kilio kinaanzia hapo. Kaza vizuri mkiwa bado kwenye tambarare, na wafundishe wasipigane nayo.

Handibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu, inashika propela shafti, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, pale nyuma ya transfa. Kwenye barabara hutaona tofauti. Kwenye jabali, gurudumu moja la nyuma likiwa hewani, difu inaliachia lizunguke na gari linaweza kuondoka huku handibreki imevutwa hadi juu. Kwa hiyo funga difu ya kati ili magurudumu ya mbele nayo yashikwe, zima injini likiwa kwenye gia, weka jiwe nyuma ya tairi, na hata hivyo mtu asishuke upande wa bondeni. Mama mkwe alidhani namkataza kwa ukali. Nilipomwonyesha gurudumu linavyozunguka kwa mkono alitulia kwenye kiti mwenyewe.

Kingine kinachosahaulika ni bomba la moshi. Wengi wanalikata fupi liishie chini ya tumbo ili lisigongwe na mawe. Mkitambaa kwa kilomita 3 kwa saa na madirisha wazi, moshi wote unapanda ndani kwa waliokaa nyuma, na ile hewa ya sumu haina harufu. Lipeleke hadi mwisho wa bodi hata kama utalitengeneza upya kila msimu.

Kwenye urefu nilikuwa bahili makusudi. Kila inchi unayolinyanyua gari inaongeza uwezekano wa kulilaza ubavu. Kata madigadi juu ya magurudumu, panua nafasi, weka inchi mbili za springi, basi. Inchi 33 zinatosha. Difu loki ya nyuma, kifaa kinacholazimisha magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, inafuata, na kama Land Rover yako ni ya zamani yenye shafti za ekseli za meno 10, badili kwanza uweke za meno 24, la sivyo loki ndiyo itakayokuvunjia shafti. Rejeta safi na feni inayoshika, kwa joto letu na mwendo ule, hata sielezi. Mkanda wa taimingi vivyo hivyo.

Mazoezi ni shida ya Dar. Majabali ya Mwanza au Dodoma hatuna. Tuna mawe ya matumbawe huku Kunduchi na Boko, kwenye machimbo ya zamani, na lazima uombe ruhusa kwa mwenye eneo. Matumbawe ni kama kisu cha msumeno, yanachana tairi ubavuni, pasipozibika. Shusha upepo hadi psi 15, likumbatie jiwe badala ya kulisugua, na beba pampu yako. Ukiingia kwa fundi tairi ukamwambia 15 atakujazia 40 huku anakuitikia ndiyo.

Kuvutana kwa winchi, watoto wawe mbali mara moja na nusu ya urefu wa kamba, na blanketi zito litupiwe juu ya kamba. Kamba haifungwi kwenye ule mpira wa chuma wa kukokotea trela, mpira huo ukikatika unaruka kama risasi.

Mwelekezi wangu ni mume wangu. Hapa mjini kila kijana ni mwelekezi, "rudi, rudi, kata, nyoosha, njoo!", na wakiwa watatu wanakuelekeza pande tatu. Kwenye jabali anaongea mmoja tu, kwa mikono, na ngumi iliyofungwa maana yake simama sasa hivi. Watoto wetu wanaijua. Mdogo amewahi kuiinua akiwa nyuma kwa sababu alitaka kujisaidia, na nikasimama.

Makaratasi: ukibadili injini au rangi, kadi ya gari ibadilishwe TRA, na mwenye bima umwambie kuhusu keji kabla haijachomelewa. Wa kwangu alitaka picha, risiti ya bomba na namba ya simu ya fundi. Risiti ya bomba ndiyo iliyonisumbua, kwa hiyo idai siku ile ile unaponunua, iandikwe saizi na unene wa ukuta.