Maswali ya wasomaji: Jiji linapozuia maghala na yadi za malori

Barua za safari hii zinatoka Inland Empire, yaani kaunti za San Bernardino na Riverside huko California, ambako miji kadhaa, Colton ikiwa mmojawapo mwaka 2021, imewahi kusimamisha kwa muda vibali vya maghala na yadi mpya.

Baraza letu limepitisha zuio la siku 45. Wiki tatu zimepita na malori mtaani ni yale yale. Tumechezewa? (Mama wa watoto wawili, San Bernardino)

Hamkuchezewa, mama, ila pengine hamkuelezwa vizuri. Zuio hukamata kibali ambacho hakijatoka. Ghala linalofanya kazi leo litafungua milango kesho, na lile ambalo msingi wake umeshamwagwa zege kwa kibali halali litamalizika. Mizigo yenyewe inashuka bandari za Los Angeles na Long Beach, kisha inapanda bara kutafuta ardhi tambarare karibu na barabara kuu za 10, 15, 60 na 215. Kuzuia jengo jipya hakupunguzi kontena hata moja melini.

Kwa malori yaliyopo, shikeni sheria zilizopo. California hairuhusu lori zito la dizeli kuunguruma likiwa limesimama kwa zaidi ya dakika 5. Malalamiko ya "malori yanatusumbua" hayafiki popote. Andikeni tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, namba ya lori, na mahali hasa liliposimama, kisha mpeleke kwa mamlaka ya hewa. Mamlaka hiyo, South Coast, ina pia Kanuni 2305 ya mwaka 2021: ghala la kuanzia futi za mraba 100,000 (kama mita za mraba 9,300) hukusanya pointi kila mwaka kwa kutumia malori yasiyotoa moshi, kufunga chaja au paneli za jua, la sivyo mwendeshaji hulipa ada. Na kama malori yanakatiza mitaa ya makazi, diwani anaweza kuomba kikomo cha uzito kwenye mtaa huo. Hakikisheni vibao vimesimikwa, kwa sababu bila kibao faini haishiki.

Madiwani wetu ni 7. Watano waliunga mkono zuio la dharura, wawili wakakataa, tukaambiwa hoja imeanguka. Hesabu gani hiyo?

Hesabu ya kura nne kwa kila madiwani watano. Kifungu 65858 cha sheria za serikali ya California ndicho kinachoruhusu zuio la dharura, na theluthi mbili haitoshi. Nne ya tano ya 7 ni 5.6, kwa hiyo kura 6. Baraza la watu 5 linahitaji 4. Sheria ndogo ya kawaida hupita kwa wingi wa kura tu, lakini kwa kawaida husomwa mara mbili na kusubiri siku 30 kabla ya kuanza kazi, na katika siku hizo waombaji hukimbilia dirisha la vibali kabla mlango haujafungwa.

Mimi ni dereva mwenye lori langu. Niliomba kibali cha yadi ya malori 20 kabla ya zuio. Nimelipa ada na mchoraji. Haki yangu ikoje?

Ndugu, maombi pekee hayakupi haki. Tangu hukumu ya kesi ya Avco, kampuni ya uendelezaji ardhi, ya mwaka 1976, California inataka uwe na kibali cha ujenzi na uwe umefanya kazi kubwa kwa kukitegemea. Kusawazisha kiwanja kabla ya kibali hicho hakukusaidii. Fedha nyingi zimezikwa hapo. Mkataba wa uendelezaji uliosainiwa na jiji ni jambo jingine, unalinda.

Bado una karata moja. Mahakama ya rufaa ilisema mwaka 1999 kwamba zuio la namna hii linaweza kukataza kutoa idhini, lakini si kushughulikia maombi. Karani akikurudishia jalada bila kulifungua, mwombe akuandikie sababu, umpelekee wakili. Jalada lililokamilika, likiwa na ripoti ya magari na mazingira, lina nafasi nzuri zaidi siku zuio likiisha.

Usianze kuegesha malori kwenye changarawe ukidhani utahalalisha baadaye. Yadi isiyo na kibali haihesabiki kuwa "ilikuwepo". Inahesabika kuwa kosa.

Zuio linaweza kudumu hadi lini, na tudai nini kabla halijaisha?

Siku 45, kisha miezi 10 na siku 15, kisha mwaka mmoja: jumla miaka 2, na kila nyongeza inataka notisi, kikao cha hadhara na kura zile zile nne kwa tano. Siku 10 kabla ya kila ukomo baraza lazima litoe ripoti ya maandishi ya hatua lilizochukua. Isomeni ripoti hiyo kuliko hotuba. Ikiwa ukurasa mmoja wa "tunaendelea kuchunguza", muda unapotea, na jiji haliwezi kuzuia ardhi ile ile upya kwa sababu ile ile.

Penye kuvuja zaidi ni tafsiri ya maneno. Sheria ya jimbo AB 98, iliyosainiwa mwaka 2024, inataka milango ya kupakilia ya ghala jipya la futi za mraba 250,000 au zaidi, likiwa jirani na nyumba au shule, ikae futi 300 kutoka mpaka wao kwenye ardhi ya viwanda, na futi 500 ardhi ikibadilishwa matumizi. Lakini sheria hiyo inazungumzia jengo. Uwanja wa kuegesha trela, wenye kibanda cha mlinzi tu, unapita pembeni. Kwa hiyo sheria ndogo ya jiji ilitaje wazi: yadi ya malori, uwanja wa trela, uwanja wa kontena. Iweke kikomo kwa idadi ya nafasi za malori pia, maana mwendelezaji hugawa ghala moja kuwa mawili madogo. Umbali upimwe kutoka ukingo wa eneo la malori. Wengi huandika "kutoka jengo", na lami inasogea mpaka kwenye uzio wa shule.