Uliza Ujibiwe: Kikao cha mtandaoni, akili iko wapi?

SWALI: Kila Jumatatu tuna kikao cha Zoom cha dakika 90, watu 14, na lazima kamera ziwe wazi. Nusu saa ikipita, akili inahama. Juzi bosi aliniita jina, nikabaki natazama skrini. Nifanyeje? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Pole, hali hiyo inawapata wengi wanaojituma. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitaja sababu nne za uchovu huu: nyuso zinazokukodolea macho kwa karibu, kujitazama muda wote, kukaa bila kujongea, na kazi ya ziada ya kusoma ishara za mwili kwenye vidirisha vidogo.

Anza na uso wako mwenyewe. Hakikisha mwanga unatoka mbele yako, kisha peleka kishale kwenye picha yako, bofya vidoti vitatu, uchague kuificha. Wenzako wataendelea kukuona. Kama programu mnayotumia haina uwezo huo, bandika kipande cha karatasi juu ya hiyo picha. Chagua pia kumwona msemaji peke yake badala ya nyuso zote 14, na sogeza kompyuta mbali kiasi cha urefu wa mkono.

Sauti ni muhimu kuliko picha. Ikikatika, ubongo unakazana kubahatisha maneno, na hapo ndipo mtu anapokata tamaa ya kufuatilia. Vaa hedifoni za waya, kwa kuwa haziishiwi chaji katikati ya kikao. Mtandao ukisuasua, mwarifu mwenyekiti, uzime kamera, ubaki na sauti.

Sasa upe mkono kazi. Chukua karatasi na kalamu. Ukiandika kwenye kompyuta, barua pepe iko mbofyo mmoja tu. Gawa ukurasa safu tatu: kilichoamuliwa, nani atafanya na lini, swali langu. Kila hoja inapofungwa, andika mstari mmoja kwa maneno yako mwenyewe. Usinakili kila neno, maana anayenakili anafukuza maneno na maana inampita. Safu ya tatu ndiyo inayokuweka macho: ukijua una swali la kuuliza, unasikiliza ukitafuta jibu lake. Jitahidi uzungumze ndani ya dakika 10 za mwanzo, hata kwa swali fupi. Anayekaa kimya muda huo huona ugumu zaidi wa kuingia baadaye.

Simu iache chumba kingine, na WhatsApp ya kwenye kompyuta uifunge kabisa. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, macho yapumzike. Na ukiitwa ukiwa umepotea, usibabaishe jibu. Sema: "Samahani, hapo nimeachwa kidogo, naomba urudie swali." Ni heshima kwako na kwa aliyeuliza.

SWALI: Mimi ndiye mwenyekiti. Nikiuliza "kuna swali?", kimya. Niwaamsheje? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Swali la kila mtu halina mwenyewe. Taja jina kwanza, ndipo uulize: "Asha, ripoti ya ghala imekwama wapi?" Ukitaja jina mwishoni, mhusika huwa hajasikia mwanzo. Kisha hesabu moyoni hadi nane kabla ya kuongeza neno, kwani sauti huchelewa njiani na mtu anahitaji muda wa kuwasha maiki. Anza na wadogo kicheo. Mkubwa akishatoa maoni yake, wachache watathubutu kumpinga.

Tuma ajenda siku moja kabla, kila hoja ikiwa na msemaji na dakika zake. Zoom ya bure hukata kikao cha kundi baada ya dakika 40, na kwa maoni yetu muda huo unatosha hoja tatu. Asiye na hoja yoyote kwenye ajenda, mruhusu asihudhurie, umtumie maazimio.