Kusudi nani aone?

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Nia ninayo, ila kusudi langu silijui. Nifanyeje?" Nilidhani nitamjibu kwa mistari miwili. Saa sita usiku bado nilikuwa naandika na kufuta, maana swali lake limetonesha kidonda.

Kidonda chenyewe hiki. Miaka ya nyuma, kwenye harusi, mjomba wangu alisema mbele ya ukoo mzima: "Huyu huanza tu, hamalizi." Watu wakacheka, nami nikajichekesha. Wiki iliyofuata nikajiandikisha kufanya mitihani ya uhasibu.

Nia yangu ilikuwa kali. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri. Nikafeli, nikafeli tena, mara ya tatu nikafaulu. Ilikuwa miaka minne ambayo sitakuchosha nayo. Nikapanda basi kumpelekea mjomba cheti. "Hongera," akasema, akaendelea kutafuta rimoti ya televisheni. Nilipomkumbusha maneno yake ya siku ile akashangaa: "Mimi? Nilisema hivyo?"

Cheti kikarudi kwenye bahasha. Miezi saba sikuomba kazi yoyote.

Haya maneno mawili tunayachanganya. Nia ni azma iliyo moyoni kabla ya tendo. Ndiyo maana Waislamu huitanguliza kabla ya sala na saumu, na hadithi mashuhuri ya Mtume inasema matendo huhesabiwa kwa nia. Kusudi ni kule tendo linakoelekea. Mpaka kati ya maneno hayo haujanyooka, nakubali. Msomi Maulana Karenga alipoanzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, huko Marekani mwaka 1966, msingi wa tano kati ya saba ya sikukuu hiyo aliuita Nia, naye alimaanisha kusudi. Hata sisi tukimshuku mtu huuliza, "Nia yake nini?"

Lakini sarufi imenisaidia kuliko wahamasishaji wote niliowalipa. Kusudi ni kiunganishi pia: "Nimekuja kusudi tuzungumze." Ukiliacha hapo linaning'inia, linadai kitenzi, na kitenzi kina mtendaji wake. Basi nikaiandika sentensi yangu ya miaka ile: Ninasoma kusudi mjomba aone. Mtendaji ni mjomba! Miaka minne ya alfajiri zangu nilimkabidhi mtu anayetafuta rimoti.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: andika sentensi yako, kisha tazama ni nani anatenda baada ya neno kusudi. Wa pili: nia ipe saa na mahali. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kwamba mtu aliyepanga "ikifika hali fulani, nitafanya jambo fulani" hutekeleza zaidi kuliko aliyeishia kutamani. Ni kweli, saa kumi yangu haikuniangusha hata siku moja. Ila saa haikuulizi unakwenda wapi. Ilinifikisha salama hadi kwenye ile televisheni. Ushauri wa tatu ni ule wa kwanza: iandike sentensi.

Ndugu zangu, tuache kuishi kwa macho ya watu! Najua wewe unayesoma hapa una jambo unataka kulimaliza, na najua kuna mtu unamwona akisimama ukumbini kukupigia makofi. Huyo hatasimama. Pengine hata hakumbuki kwamba alikuumiza.

Siku hizi nasimamia hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa. Sentensi yangu: Naandika daftari hili kusudi wanachama wajue fedha zao ziko wapi. Utasema hapo pia watendaji ni watu wengine. Ndiyo, lakini wanachojua ni chao, si sifa zangu. Tofauti hiyo ilinichukua muda kuiona, na kuna siku inanipotea.

Mwezi ujao kuna harusi nyingine ya ukoo. Mjomba atakuwepo. Cheti nimekipiga picha, kipo kwenye simu.