Jibu: Sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba, herufi hazileti jina la mfalme

Habari ndugu. Umesema herufi nne za sarafu yako hazilingani na enzi yoyote. Angalia kwanza mpangilio. Nadhani umezisoma kwa kuzunguka tundu, jinsi zinavyosomwa sarafu nyingi za Song, ukoo wa kifalme wa China. Za koo za baadaye, Ming na Qing, husomwa juu, chini, kulia, kisha kushoto. Ukipata Yongle Tongbao, yaani sarafu ya mfalme Yongle wa Ming, ni enzi ya 1403 hadi 1424, kama ile iliyofukuliwa kisiwani Manda, Kenya. Sasa igeuze: Yongle nyuma huwa tupu, ila ukikuta maandishi ya Kimanchu, lugha ya watawala wa Qing, sarafu ni ya Qing.

Tafadhali sana, usiisugue kwa ndimu wala siki! Asidi hula herufi, na kutu ile ya kijani husaidia wataalamu kutambua ya kughushi. Picha pekee haitoshi kuthibitisha.