Uhura's Song: kisome hata kama hujawahi kuiona Star Trek

Mkuu mleta mada, umesema umekipata Uhura's Song, riwaya ya Janet Kagan, kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, Dar es Salaam, hujawahi kuona hata kipindi kimoja cha Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya safari za anga ambayo riwaya hiyo imetokana nayo, na rafiki yako kakukataza usikifungue mpaka umalize tamthilia yote. Nampinga rafiki yako kwa heshima zote. Kisome. Mimi riwaya za aina hii nilizisoma miaka mingi kabla sijaiona sura ya Spock, mmoja wa wahusika wake wakuu, kwenye kioo, na hadi leo sijaona nilichokosa.

Wadogo zetu humu huenda hawajui kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, ila sisi wa Ilala tulikuwa na redio, majumba ya sinema na vitabu. Star Trek ilianza kurushwa Marekani Septemba 1966, ikasimamishwa 1969 ikiwa na vipindi 79. Hapa kwetu, mimi na wenzangu wachache mtaani, ilitufikia ikiwa karatasi, mara nyingi bila jalada, na muuzaji wetu alikuwa akituambia kwamba vitabu vyake vingi vinatoka kwa wageni waliomaliza mikataba wakauza vitu vya nyumbani.

Cha kwanza kukishika kilikuwa kimoja kati ya vile vya James Blish. Huyu ndiye aliyeanza mwaka 1967 kuvigeuza vipindi vya tamthilia kuwa hadithi fupi, akaendelea na kazi hiyo hadi alipofariki 1975, na mkewe J. A. Lawrence akamalizia kilichobaki. Alifanya kazi kwa kusoma miswada, ndiyo maana kuna mahali hadithi zake zinatofautiana na kile kilichoonyeshwa. Mimi tofauti ningezijulia wapi? Enterprise, meli ya anga wanayosafiri nayo wahusika, niliijenga kichwani mwangu, na niliijenga kubwa sana. Baadaye nilipoiona kwenye mkanda wa video niliipenda, lakini kuta zake zilikuwa karibu mno, na sayari nyingi zilifanana. Hela ya kutengeneza tamthilia miaka ile ya sitini ilikuwa na mwisho wake.

Hapo ndipo nilipopata kipimo ninachokitumia mpaka leo kwa riwaya yoyote iliyotokana na tamthilia. Najiuliza: mwandishi ameniletea nini ambacho televisheni isingeweza kunipa? Kama ni mapigano yale yale na maneno yale yale ya nahodha, bora mtu aangalie kipindi. Kama amenipeleka mahali ambapo kamera haikuweza kwenda, amefanya kazi.

Kagan amefanya kazi. Kitabu chake kilitoka 1985. Kwenye tamthilia, Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, ni ofisa wa mawasiliano. Jina lake halihitaji maelezo kwa mtu yeyote humu, na kuna kipindi cha 1967 kiitwacho The Changeling ambapo anafutiwa kumbukumbu na kwenye kujifunza upya anatamka Kiswahili. Lakini vipindi vingi vilimwacha pale kwenye kiti chake akisema laini ziko wazi. Riwaya inamfungulia mlango. Zamani aliwahi kuwa na rafiki, mwanadiplomasia wa sayari ya Eeiauo, ambako wakazi wake wanafanana na paka. Wale wanawake wawili walifundishana nyimbo na kuwekeana siri. Sasa Eeiauo imekumbwa na tauni, binadamu nao wanaanza kuugua, na njia pekee ya kufikia tiba inaonekana imefichwa ndani ya zile nyimbo ambazo Uhura aliahidi asizitoe.

Hapa, mkuu, sisi tuna bahati ambayo msomaji wa Ohio hana. Mtu aliyekulia Pwani hahitaji kushawishiwa kwamba wimbo unaweza kubeba jambo ambalo mdomo umekatazwa kulisema. Tumesikia taarabu zenye ujumbe kwa mtu mmoja tu ukumbini, na wote tukamjua. Bibi zetu wamefundisha mambo mazito kwa nyimbo za unyago, maana ikibaki kwa waliostahili kuijua. Kwa hiyo mtu anapoketi kwenye meli ya anga akichambua beti, huyu anayetajwa ni nani, mahali hapa ni wapi, kwa nini mstari huu umerudiwa, mimi sikuona jambo la kubuni hata kidogo. Nililiona ni jambo la kweli kuliko mashine zote zilizomo. Nilikisoma sehemu hizo polepole, nikirudi nyuma kulinganisha beti.

Udhaifu upo na nautaja ili usije ukakivunjikia moyo. Kuna daktari mgeni, Evan Wilson, anayechukua nafasi ya McCoy melini. Ni mchangamfu, jasiri, anajua kila kitu, na kila mtu anampenda. Kadiri kurasa zinavyosonga anaimeza hadithi, na Uhura mwenye jina kwenye jalada anarudi pembeni. Hili liliniuma na bado linaniuma. Ukimpa mtu wimbo, mwache auimbe mpaka mwisho. Kuna wasomaji wanaompenda sana Wilson na ninawaelewa, ana maneno matamu, lakini nafasi ile ilikuwa ya Uhura.

Unachopaswa kujua kabla ya kuanza ni kidogo mno. Kirk ni nahodha. Spock ni msaidizi wake, nusu binadamu nusu Mvulkani, yaani mtu wa sayari ya Vulcan, na amelelewa kutanguliza akili mbele ya hisia. McCoy ni daktari. Sulu anaendesha meli, Scott anatunza injini. Mengine yote kitabu kinakueleza.

Rafiki yako alisema pia kwamba vitabu hivi havina thamani kwa sababu wahusika wakuu hawawezi kufa, mwisho kila kitu hurudi kilivyokuwa. Ni kweli mwandishi hazimiliki meli wala watu, anaazimwa, na anatakiwa kuvirudisha salama. Lakini angalia Vonda N. McIntyre alivyolitumia sharti hilo kwenye The Entropy Effect ya 1981. Anamuua Kirk mbele ya mabaharia wake, kwenye chumba cha uongozaji. Unajua lazima atarudi, kwa hiyo swali linahama: Spock anayerudi nyuma kwenye wakati ili kulizuia tukio atalipa gharama gani? Nilikimaliza usiku mmoja kwa mwanga wa kandili, umeme ulikuwa umekatika. Halafu kitabu hicho hicho ndicho kilichompa Sulu jina la kwanza, Hikaru. Jina likakaa kwa wasomaji tu kwa miaka kumi, hadi filamu ya sita ya Star Trek, ya mwaka 1991, ilipolitamka mbele ya kamera. Kwa hiyo kuna vitu vimetoka kitabuni vikaingia kwenye kioo, na rafiki yako hilo umfikishie.

Ukirudi Posta uliza kama wana cha McIntyre. Kabla hujalipa fungua kurasa za mwisho uhakikishe zipo, maana vya mtumba huwa vinapoteza mkia, na cha Kagan kina kurasa za mwisho ambazo hutataka kuzikosa. Ukifika pale Wilson anapoanza kuongea kuliko Uhura, njoo uniambie hapa kama umekubaliana nami au umejiunga na wale wanaompenda.